Enjinia Aliyejenga Mfereji kwa Mdomo

Kwetu mtu akifa husemwa mazuri yake, na mabaya yanafukiwa pamoja naye. Nilikaa siku tatu kwenye kilio cha Enjinia, nikala sombe la watu, yale majani ya muhogo ya kutwanga, nikasikia mazuri mpaka masikio yakaniwasha. Alikuwa nguzo yetu. Alikuwa kitabu chetu. Alikuwa mtu aliyewapa maji watu wa uwanda mzima. Mimi nilinyamaza, na mtu asidhani nilinyamaza kwa heshima. Mambo yangu na yeye tuliyamaliza wenyewe akiwa bado anapumua.

Jina lake silitaji. Hata yeye hakulipenda. Alitaka aitwe Enjinia, na jengo letu lote la hapa Saint Paul, Amerika, kuanzia sisi Wakongomani wa chini mpaka Wakenya wa ghorofa ya nne, lilimwita hivyo. Hata mzungu anayekuja kutengeneza mabomba alimwita Enjinia, akidhani ndilo jina la ukoo. Hakuna shule iliyompa cheo hicho. Alijipa mwenyewe, akakivaa kama koti, na akishavaa koti mtu huyo havui.

Nilimjua kwetu, nikamjua kambini, nikamjua hapa. Mungu naye ana mzaha wake. Watu wetu wametawanywa Australia, Kanada, Norwe, dunia ni kubwa, lakini mimi nikashushwa kwenye ndege moja na Enjinia, tukapewa jengo moja, mimi ghorofa ya pili na yeye ya tatu, juu ya kichwa changu. Akiamka kwenda msalani nilisikia.

Mfuko wa koti lake ulikuwa na kalamu tatu, mbili hazikuandika. Kiunoni alining'iniza futi ya chuma, ile inayojikunja yenyewe ukiiachia. Alipima kila kitu. Alipima lifti. Alipima meza ya Bwana kanisani, akamwambia pasta imepinda. Alipima kichwa cha kitukuu changu akiwa na wiki mbili, akasema huyu atakuwa na akili. Nikamwambia akili ya mtoto huyu imetoka kwangu, haihitaji futi.

Theluji ikianguka sisi wengine tunatafuta viatu. Yeye alishuka na futi yake, akaichomeka penye maua yaliyokufa mbele ya jengo, akainama, akasoma.

"Sentimita ishirini na mbili," akasema, kama anayetangaza mtoto wa kiume amezaliwa.

"Na ukishajua, papa, itayeyuka?"

"Mama, mtu asiyepima anaishi kama mbuzi."

Hilo lilikuwa neno lake. Asiyepima anaishi kama mbuzi. Alilisema kwenye harusi, alilisema kwa daktari, alilisema kwa mwanangu aliyenunua nyumba Lakeville bila kumwita aje kuipima. Nimeishi na mbuzi. Mbuzi hawadanganyi watu.

Sasa mfereji. Hakuna mtu aliyekaa na Enjinia muda wa chai moja bila kupewa mfereji. Alikuwa na mifereji mitatu, kila mmoja na siku yake. Kwenye harusi ulikuwa mfereji wa akili: mzungu Mbelgiji alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika kichwa, ameshindwa maji yapite wapi. Kijana mmoja akainama, akachora mstari kwenye vumbi kwa kidole, na mzungu akasimama akavua kofia. Kijana huyo ni nani, bibi harusi? Ni huyu unayemwona. Kwenye ubatizo ulikuwa mfereji wa maombi: alifunga siku saba, akaota, akaonyeshwa njia ya maji kama Musa alivyoonyeshwa. Na kwa wale akina mama wazungu wenye nywele nyeupe wanaotuletea makoti kila Oktoba, ulikuwa mfereji wa huruma. Watu wake walikuwa na kiu, watoto walikuwa wanalia, na yeye akachukua jembe.

Kiingereza cha ofisini alikijua kidogo, lakini kwa hadithi ndefu mtafsiri wake alikuwa Neema, mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na sita. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimwita kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Siku hiyo wale akina mama walifuta machozi, na mmoja alimletea keki yenye umbo la kitabu. Neema akanifuata jikoni, akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama kweli mzee alichimba.

"Muulize alishika jembe siku gani," nikamwambia. "Akikutajia siku, mimi nitapika kwa mwezi mzima na wewe hutaosha hata kijiko."

Alienda kuuliza. Alirudi akaosha vyombo.

Huyu aliyefundisha maji kutembea, ngoja niwaambie alichofanya hapa. Nyuma ya kanisa tunalokodi kuna kiwanja, na wazungu wenye kanisa walituruhusu tulime. Tukapanda lengalenga, ule mchicha wetu, maharage, mahindi machache ya kujifariji. Bomba lilikuwa ukutani, mwanzo wa kiwanja, na kila mtu alimwagilia kwa ndoo bila shida. Enjinia akasema hapana, ndoo ni ujinga, tutachimba mfereji. Sisi wanawake sita tukachimba. Jumamosi mbili alitembea mbele yetu na kijiti na kamba, akifumba jicho moja, akituambia huku, hapana, kule. Jumamosi ya tatu akakusanya watu, akaomba, akafungua bomba. Maji yalikwenda hatua kumi vizuri. Halafu yakasimama, yakafikiri, yakarudi. Yakapita mlango wa chini na kuingia kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, yakabeba kalamu za rangi na mazulia.

Mama Furaha, jirani yangu wa kushoto, alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Unajua Enjinia alisema nini? Alisimama, viatu vyake vikavu, akatazama lile bonde letu la aibu, akasema, "Ardhi ya Amerika ilipimwa vibaya."

Hakuomba radhi. Mazulia tuliyakamua sisi.

Mimi niliuona mfereji ule wa kwetu ukichimbwa. Nilikuwa na miaka minane, nikipeleka chakula cha baba na mama. Ulitokea mtoni, ukazunguka miguu ya milima, ukashuka uwandani kwenye mpunga na pamba. Wabelgiji walisema ni kwa faida yetu. Faida ile ilikuja na askari kuchukua wanaume nyumba kwa nyumba, na aliyejificha alichapwa fimbo mbele ya wakwe zake. Leo watu wanapenda kuuliza mashine ilikuwa ya aina gani. Mashine ilikuwa shingo ya mama yangu. Wanaume walichimba, wanawake walipandisha udongo kwa vikapu vya kichwani, juu ya ukingo, wakimwaga na kurudi, na wengine walikuwa na mimba.

Kila mwanaume alipewa kipande chake, urefu wa kamba moja. Na kipande kilikuwa na sheria yake. Ukichimba, unaacha katikati nguzo ya udongo usioguswa, pana kama ungo, na juu yake yale majani yaliyoota pale tangu zamani. Nguzo hiyo tuliiita kisiki. Majani ya juu ndiyo yanaonyesha ardhi ilikuwa wapi kabla ya jembe. Jioni mpimaji anakuja, anasimamisha kijiti chake kando ya kisiki, kutoka chini mpaka kwenye majani, na hapo anajua umeshuka kiasi gani. Ikifika alama, unakwenda nyumbani. Isipofika, unarudi shimoni. Siku kazi ya kipande inapokwisha ndipo kisiki kinabomolewa.

Mpimaji alikuwa yeye, Enjinia. Kijana wa miaka ishirini hivi, kaptula nyeupe, soksi ndefu. Kazi yake yote kwenye mfereji ule ilikuwa kubeba kijiti cha mzungu na kupima visiki. Hakuchora mstari kwenye vumbi. Vumbi lenyewe hakulipenda.

Ukitaka kumtesa mchimbaji bila fimbo, kuna njia. Unachukua panga, unakata kichwa cha kisiki chini kidogo ya majani, unatoa kipande cha udongo, halafu unarudisha majani juu kama kifuniko cha sufuria. Kisiki kimekuwa kifupi. Kijiti kinasema mtu huyu hajafika. Mzungu akipita anaona majani, anaridhika. Na mchimbaji anashuka tena, kuchimba alichokwisha kuchimba.

Baba yangu aliitwa Kashindi. Yeye namtaja, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa linagombaniwa miaka yote hiyo. Alikuwa mchimbaji wa kuta zilizonyooka. Watu wa vipande vya jirani walikuja kutazama ukuta wake. Wiki ile ya mvua alirudishwa shimoni siku tatu mfululizo, jioni, wakati wenzake wanaosha majembe. Siku ya tatu alikuwa ameshuka sana, miguuni pa ukingo, na ukingo ulikuwa umelewa maji. Ukashuka wote. Walimtoa kwa mikono.

Mama yangu alikuwa wa kwanza kufika, na kikapu bado kichwani. Nilimsikia akilisimulia jambo hili mara nyingi, hakubadilisha neno. Alisema kisiki cha baba kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya udongo uliomwagika, na majani juu yake yalikuwa yamenyauka. Visiki vya wenzake vyote vilikuwa vya kijani kibichi, vimelowa mvua. Majani hayanyauki kwenye udongo wao wenyewe wiki ya mvua. Yananyauka yakiwa yamekatwa mizizi.

Mzungu alipokuja kuuliza, mpimaji alisema Kashindi alichimba kutoka chini. Hiyo ilikuwa hila ya wavivu: unakula ukingo kwa chini ili udongo wa juu ujiangukie wenyewe, usitumie nguvu. Ilikatazwa. Mzungu akatikisa kichwa, akaenda zake, na baba yangu akazikwa na neno moja juu yake: mzembe. Neno hilo lilitufuata nyumbani. Kaka yangu alikataliwa mchumba mara mbili, wazazi wa msichana wakisema uvivu uko kwenye damu. Mimi nilipoolewa, mama mkwe alinihesabia mizigo ya kuni kila siku ili aone kama damu inasema. Nikamletea kuni mpaka akakosa pa kuziweka.

Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini nilimdharau.

Lakini nitasema na haya, maana mimi si yeye, sikati kitu nikarudisha majani juu. Enjinia alijua mabasi ya mji huu kuliko madereva. Mama asiyesoma akiwa na barua ya ofisi, Enjinia alivaa koti, akaenda naye, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki kutoka asubuhi mpaka jioni, akarudi naye mpaka mlangoni, hakuomba hata chai. Mtoto mchanga wa familia moja ya Fizi alipokufa, wanaume wote waliogopa kukaa na baba yake kwa sababu alikuwa halii wala hasemi. Enjinia alikaa naye siku mbili kimya. Yeye, kimya. Na mwaka niliougua mapafu, nilifumbua macho hospitalini nikamwona kwenye kona, anapima dirisha.

"Umefuata nini hapa?"

"Wamesema hakuna mtu wa kukutafsiria mpaka saa kumi."

Ilibidi niseme aksanti. Siku hiyo nilimchukia kuliko siku zote.

Alikula kwangu pia. Alipanda au alishuka ngazi dakika ile ile ninapogeuza bugali, sijui alipima harufu kwa kitu gani. Aliketi, akanyoosha mikono imwagiwe maji, akala kama mtu aliyealikwa. Nilimlisha. Kwetu mtu hafukuzwi kwenye sahani. Lakini sikumpa mnofu wa kwanza hata siku moja, na yeye aliona, na hakusema. Alijua sababu. Mtu asiye na kosa angeuliza nyama yake iko wapi.

Miaka yote hiyo, kwenye chakula changu, nilisubiri aseme. Sikutaka alie wala apige magoti. Nilitaka aseme mbele ya mtu mwingine kwamba baba yangu hakuwa mzembe. Alizungumza juu ya bei ya viazi.

Kila mwaka kwenye sikukuu ya mavuno, vijana wa kanisa letu wanasoma historia ya kwetu mbele ya watu, ili watoto waliozaliwa hapa wasifikiri tulitokea uwanja wa ndege. Mwaka ule pasta akasema isomwe historia ya mfereji, na Enjinia ndiye aisimulie, na Neema aiandike. Mpaka hapo nilinyamaza. Nikasema ataongopa kuhusu mzungu na kofia, watu watapiga makofi, tutakula.

Neema akaja nyumbani na karatasi zake, akanisomea polepole, kwa sababu aliandika Kiswahili kwa taabu na alitaka nimsahihishe. Alipofika ukurasa wa tatu akasoma hivi: kwamba kazi iliendeshwa kwa uangalifu mkubwa, na aliyekufa alikuwa mchimbaji mmoja mzembe, aliyechimba kutoka chini.

Akasoma bila kusita. Hakujua. Wanangu niliwaambia, wajukuu sikuwaambia, nilidhani neno lile litafia baharini.

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena.

"Mchimbaji huyo ni baba yangu. Ni koko, babu wa baba yako. Wewe umeandika kwa mkono wako kwamba damu yako ni ya mtu mvivu, na siku ya sikukuu utasoma mbele ya kanisa zima."

Akaiweka karatasi mezani kama imemchoma.

Jumapili iliyofuata bado haikuwa ya sikukuu, ilikuwa ya mazoezi. Nilimkuta Enjinia ukumbini, akiwaelekeza vijana kupanga viti kwa kamba. Watu walikuwa wengi, wamama wanapanga sahani.

"Papa Enjinia, toa neno mzembe kwenye karatasi ya mtoto."

"Mama, historia ni historia."

"Kisiki cha baba yangu kilikatwa. Majani yalikuwa yamenyauka. Mama yangu aliona."

Kijiko cha mtu kikaanguka sakafuni. Enjinia akacheka kidogo, akawaangalia wanaume, akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, na mama yako alikuwa mbeba kikapu. Mnajua nini habari za vipimo?"

"Mbeba kikapu alibeba udongo uliokuwa unausimamia na soksi nyeupe."

"Sasa unanitukana."

"Bado sijaanza. Njoo uniambie nani alikuwa na panga."

Pasta akaingia kati, akanishika mkono, mama twende, mama huyu ni mzee, mama heshima. Mzee. Mimi nina wajukuu kumi na wanne na vitukuu watatu, magoti yangu yanalia kuliko mlango wa kanisa, lakini mzee ni yeye. Watu walinikasirikia mwezi mzima. Mama Furaha peke yake ndiye aliyeniambia, "Ulikosa kitu kimoja. Ungemwuliza soksi alifuliwa na nani."

Nikamwambia Neema: ukisoma karatasi ile, mimi nitasimama niondoke, na wewe utaona mgongo wangu mpaka siku nitakayokufa. Yeye naye akaenda kwa pasta, akalia, akasema hawezi kufuta maneno ya mzee, na hawezi kuyasoma. Pasta akasema basi, mzee mwenyewe aseme. Lakini wiki hiyo Enjinia alianguka bafuni. Nilisikia kishindo juu ya kichwa changu, nami ndiye niliyepiga simu. Moyo, wakasema, na maji yamejaa kifuani. Hospitali ikamtoa ikampeleka nyumba ya wazee, Plymouth, mbali na watu, penye barabara pana zisizo na mtu anayetembea kwa miguu.

Binti yangu anafanya kazi huko huko, anapakia vifaa vya hospitali kwenye maboksi. Ijumaa kabla ya sikukuu nilimwambia anichukue mimi na Neema asubuhi, atushushe kwa Enjinia, aturudie akitoka kazini.

Nesi alikuwa Mkenya, msichana mwenye mwendo wa haraka.

"Karibu, shosho. Leo ako sawa kidogo. Ame-refuse uji, lakini chai amekunywa. Wewe ni familia?"

"Mimi ni jirani wa chini."

"Haya. Usimchokeshe sana."

Lakini mimi nilikwenda kumchokesha.

Alikuwa amelala amenyanyuliwa kichwa, miguu imevimba, shingo imekuwa ya kuku. Alipoona ni mimi alifumba macho, halafu akayafumbua, kwa sababu Neema alikuwa nyuma yangu na Enjinia hakuweza kuonekana dhaifu mbele ya mtu anayeandika.

"Mama, umekuja."

"Nimekuja."

"Umeniletea nini?"

"Mtoto na kalamu."

Akageukia dirisha. Nje kulikuwa na pakingi na mti mmoja mwembamba uliofungwa kwenye chuma usianguke. Akasema mambo yale ni ya zamani. Nikavuta kiti. Akasema kifua kinambana. Nikasema pumzika, sina haraka, binti yangu anatoka saa tisa. Akasema Mungu anajua yote. Nikasema Mungu hayupo kwenye ratiba ya Jumapili, aliyepo ni Neema. Tukakaa. Nesi aliingia, akampima, akatoka. Tukakaa tena. Niliwahi kukaa hivyo na mgonjwa, nikamwombea kimyakimya apone. Huyu nilimwombea asife kabla ya saa tisa.

Mwishowe akasema, bila kugeuka, "Baba yako alinicheka."

Neema akashika kalamu.

"Alikucheka wapi?"

"Kwenye mfereji. Niliteleza na kijiti cha mzungu, nikaanguka tope mbele ya watu wote, kaptula yangu nyeupe. Kashindi alikuwa juu kwenye ukingo. Akasema, leo mpimaji amepima kwa makalio. Watu wakacheka. Wanawake wakacheka na vikapu kichwani. Walicheka wiki nzima. Nikipita wanaonyesha makalio."

Nitasema ukweli: nilitaka kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kusikia neno jipya kutoka mdomo wa baba yangu.

"Ukafanya nini?"

"Nikakata."

"Ulikata nini? Mtoto anaandika."

"Kisiki chake."

"Kiasi gani?"

Hapo akageuka, na nakwambia, macho yake yaliamka. Kupima kulimwamsha. Akanyoosha mkono juu ya shuka, akaviweka vidole pamoja. "Vinne. Siku tatu, kila siku vidole vinne. Sikutaka afe. Nilitaka achoke tu, aache kucheka."

"Na mzungu ulimwambia alichimba kutoka chini."

"Mzungu angenichapa."

"Fimbo ngapi?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kutoa jibu sahihi. "Nane, labda."

"Fimbo nane."

"Labda na kazi angeninyang'anya."

Fimbo nane. Mama yangu alibeba neno lile miaka thelathini mpaka kaburini, kaka yangu alizeeka nalo, mimi nililibebea kuni, ili makalio ya mtu mmoja yasipate fimbo nane. Nilitazama ile mikono juu ya shuka. Mikono laini, mizuri hata katika uzee, isiyo na sugu. Nilikuwa nimemdhania mwovu mkubwa. Alikuwa kitu kidogo kabisa, kitu cha kuingia kwenye soksi.

"Unisamehe, mama," akasema.

"Hilo mwombe Mungu, yeye ana nafasi. Mimi nimefuata jina. Sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Akalamba midomo. Neema akataka kumpa maji, nikamzuia, halafu nikamwachia ampe, kwa sababu koo kavu lingesema vibaya. Akanywa.

"Kashindi hakuwa mzembe," akasema, kwa sauti ya kuongea na mto.

"Mtoto hakusikia."

"Kashindi hakuwa mzembe. Kuta zake zilinyooka."

Hilo la kuta sikumwomba. Lilitoka lenyewe, naye alionekana kushangaa kulisikia. Mlango ulikuwa wazi, na yule nesi Mkenya alikuwa amesimama pale na kikombe cha dawa, hajui aingie au atoke.

"Tena," nikasema. "Huyu dada naye asikie."

Mara ya tatu sikuihitaji. Kitu changu nilikuwa nimeshakipata. Nilitaka tu aseme mbele ya mtu ambaye hatujui, hajui mfereji, hajui mzungu na kofia yake, ambaye kwake Kashindi ni jina la mtu na si zaidi. Alikusanya pumzi, ilichukua muda, kifua kilikuwa kinalia kama birika. Akamtazama yule msichana, akasema yote, kutoka jina mpaka kuta.

Nesi akasema, "Sawa, babu," akampa dawa.

Neema akaniuliza chini chini, kwa Kiingereza chake, kama aandike mara moja tu, kwa kuwa maneno ni yale yale.

Nikamwambia aandike kama alivyosema, mara tatu, na Jumapili ayasome yote.